Ushuhuda wa Kuazima

Chuo cha Ashwell, Iowa
14 Septemba 1997

Kaka Kamande,

Mimi mzima, na mahindi yanayokizunguka chuo hiki ni mazima kuliko mimi. Wewe je? Barua yako ya mwisho ni ya Juni. Mama ananiandikia kutoka Voi akiniuliza kama nimekusikia, nawe ukimwandikia unamwuliza kama amenisikia mimi. Yule mama tumemgeuza posta.

Uliniuliza hiki ni chuo gani kinachomlazimisha mtu wa uhasibu asome mashairi. Kaa basi nikueleze. Ashwell si cha serikali. Kilianzishwa zamani na wakulima waliookoka, na mpaka leo kinaendeshwa kwa karo na sadaka za makanisa. Tuko wanafunzi elfu moja mia moja na kidogo. Hapa husomi kazi moja ukaondoka. Mtu wa hesabu anasoma historia, anasoma falsafa, anaimba kwaya, anapasua chura. Wanasema akili yote ni ya Mungu, kwa hiyo hakuna pembe yake ya kuachwa bila kufagiwa. Mwalimu wa kemia huomba kabla ya kufungua chupa. Siku ya kwanza nilicheka. Siku hizi asipoomba naiogopa ile chupa.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa nne asubuhi milango yote hufungwa, sote twende ibadani. Kila mtu ana kiti chake chenye namba, na kiti kikikaa kitupu kinaandikwa. Kila Septemba tunatia sahihi Ahadi: hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna dansi. Ukimwona mwenzio ameivunja, umwendee. Asiposikia, uwaendee wakubwa. Ni yale yale ya Mama na ushirika wake wa Alhamisi, kusimama mbele za watu ukasema ulichokifanya, mtu atembee nuruni. Tofauti ni kwamba hapa nuru ina ofisi.

Ni watu wema, sitaki kuwasengenya. Lakini wananiuliza hali wakiwa wameshanipita. Nakula na wasichana sita kila siku, na katika mwaka mzima hakuna aliyeniuliza swali la pili.

Nje ya ukumbi wa ibada kuna ramani ya dunia, ukuta mzima. Ukiwa na jambo la kuombewa unaliandika kwenye kadi, wanachoma pini mahali penyewe. Upande wako wa China hauna pini hata moja. Kila nikipita naiona Guangzhou imekaa tupu na roho inaniuma. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mdogo wako,
Hannah


Guangzhou
9 Oktoba 1997

Hannah,

Niko hai, ingawa kidogo tu nisingekuwa. Usimwambie Mama.

Mwezi wa saba nilikwenda Xintang, nje ya mji, wanakoshona jinzi za nusu ya dunia, kukagua suruali elfu mbili za mteja wa soko la Gikomba, Nairobi. Nikiwa katikati ya kuhesabu zipu, malaria ya Voi ikanikumbuka. Nikaanguka juu ya meza ya kukatia. Hospitalini daktari alinitazama ulimi akanipa majani ya kuchemsha. Hoteli ikakataa kunipokea. Mtu mweusi anayetetemeka hawataki kujua anatetemeka nini.

Aliyenichukua ni mwenye karakana, Bi Chen. Laoban, yaani bosi, ndivyo sote tunavyomwita. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye mashine kumi na nne na binti mmoja, Xiu, anayeshona vifungo. Alinitandikia marobota ya jinzi stoo, nikalala siku kumi na moja. Alinilisha uji wa mchele kwa kijiko, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Vidonge vyenyewe alivitafuta Murshid, yule Mzanzibari ninayekaa naye chumba kimoja, kwa Waswahili wanaopitia Hong Kong. Lakini aliyenishika mkono usiku na mchana ni Bi Chen.

Sasa sikiliza, hili litakufurahisha. Jumapili asubuhi nilisikia mashine mbili zinanguruma bila kupumzika. Nikachungulia. Hakuna aliyekuwa akishona! Wamezifunga kanyagio kwa kamba ziendelee kulia, ili apitaye nje aseme watu wanachapa kazi, na huku ndani, chini ya ule mngurumo, watu kumi na wawili wamezunguka meza ya kukatia wanaimba kwa sauti ya kunong'ona. Watu wa kwako hao, Hannah. Waliookoka. Hawana kibali, ndiyo maana.

Nilipopona, Bi Chen alipika samaki akaita wote tule. Nilikuwa na kamera, Xiu akatupiga picha. Ndiyo hii. Mimi ni yule wa katikati, nimekondeana, nimekaa kama bwana arusi aliyefufuliwa. Nyuma nimekuandikia majina yao na jina la karakana, usije ukawaita "wale Wachina". Murshid amenigombeza: "We Kamande una wazimu? Jina la mtu huandikwa kaburini, si kwenye bahasha." Nimemwambia dada yangu si gazeti.

Kaka yako,
Kamande


Chuo cha Ashwell
2 Novemba 1997

Kaka yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Tangu nikiwa na miaka tisa nakuombea, wewe ukipita na sigara yako ukiniambia nikuombee na kiberiti. Sasa Mungu amekwenda kukulaza Xintang juu ya jinzi!

Niambie kweli, umeokoka? Huwezi kulala siku kumi na moja kati ya watu kama hao ukaamka vile vile.

Picha ninayo. Tumeiombea mimi na wenzangu wawili wa chumbani, basi. Mwambie Murshid awe na amani.

Huku baridi imeanza. Niliitwa kwa mlezi wa wanafunzi kwa jambo dogo, limekwisha. Kwa ujumla watu wamekuwa wema kwangu wiki hii. Jana msichana mmoja alinishikia mlango akaniuliza habari za nyumbani, akasimama kungoja jibu.

Mdogo wako,
Hannah


Guangzhou
30 Novemba 1997

Hannah,

Sijaokoka. Waliposimama nilisimama, walipokaa nikakaa. Ni adabu ya mgeni, hata kwenye maulidi ya kina Murshid huwa nafanya hivyo hivyo. Sitaki kukudanganya kwa jambo unalolipenda kiasi hicho.

Ila nakiri kwamba siku hizi Jumapili naenda Xintang hata kama sina mzigo. Nakaa mlangoni navuta sigara. Bi Chen ananitoroshea samaki. Tukishindwa kuelewana kwa maneno tunachekana tu, na siku inapita.

Hiyo picha iweke chini kabisa ya sanduku. Nilikuwa mjinga kuandika majina, Murshid alikuwa na haki.

Kamande


Chuo cha Ashwell
20 Februari 1998

Kaka Kamande,

Samahani kwa kukawia, mitihani. Nimeyaelewa ya picha.

Habari njema: nimeruhusiwa kuendelea mpaka nimalize. Na chuo kinatengeneza kijitabu kipya cha kuwaeleza wageni kuhusu Ashwell, majengo, masomo, maisha ya ibada. Wameniomba sura yangu iwemo. Mama atafurahi. Nitamtumia kimoja.

Wanafunzi kadhaa wanapanga kuja China likizo ya kiangazi kufundisha Kiingereza. Sijui ni mji gani. China ni kubwa.

Hannah


Guangzhou
28 Juni 1998

Hannah,

Tarehe nne nilikuwa Zhanxi, barabara ya maduka ya jumla karibu na stesheni, nikivutana bei ya viatu na watu na mikokoteni wakinisukuma huku na huku. Msichana mmoja wa Kizungu akasimama mbele yangu, akaweka mikono kinywani, akapiga kelele: "Wewe ni Kamande!" Akanikumbatia. Mbele ya soko zima, Hannah. Akalia begani kwangu, akaniambia ananiombea kila siku. Kisha akafungua mkoba akatoa kijitabu cha chuo chako. Walikuja navyo katoni nzima, wanagawa kwa wanafunzi wao, kwa wahudumu wa hoteli, kwa yeyote anayenyoosha mkono.

Nimekisoma chote. Naweza kukuimbia. "Ashwell kwa Ufupi. Wanafunzi 1,140. Walimu 83. Ekari 120. Ibada tatu kwa wiki. Wanafunzi kutoka nchi 23. Hapa akili hufunzwa na moyo hutengenezwa." Kuna picha ya maktaba. Kuna picha ya ziwa na bata wake. Ukurasa wa kumi na mbili, "Ramani ya Maombi", kuna wewe umesimama jukwaani, na chini yako kuna picha yangu. Samaki yuko mezani. Majina yote, kushoto kwenda kulia, na karakana, na Xintang. Na maneno yako: kwamba Kamande, mfanyabiashara mlevi, aliokoka katika kanisa la siri la Bi Chen, na watu elfu walisimama wakapiga makofi.

Wenzako wawili wa chumbani, eh? Chumba chenu ni kikubwa.

Jumanne tarehe tisa watu waliovaa nguo za kawaida walikuja karakana na kijitabu hicho mkononi. Walimchukua Bi Chen na wanaume wawili. Wengine wamerudi kwao mikoani. Mlango una karatasi yenye muhuri. Xiu yuko kwa jirani, hali chakula. Alhamisi mimi nami niliitwa kuhusu viza, nikaulizwa mawili matatu, nikaachiwa.

Yule mama alinitoa kaburini kwa kijiko, nawe umemtia humo. Mdomo huponza kichwa, ila wa kwako umeponza vichwa vya watu.

Kamande


Chuo cha Ashwell
15 Julai 1998

Kaka,

Sitajitetea. Nitakueleza tu, kwa sababu nimekuficha mengi.

Oktoba ile nilialikwa arusi na mpishi wa hapa chuoni, mama mmoja Mmarekani mweusi, mtu pekee aliyekuwa akiniita kwa jina. Ngoma ikapigwa, nikacheza. Nilicheza mpaka viatu vikanitoka, Kamande. Tangu nifike nchi hii sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Mmoja wa wale sita ninaokula nao alikuwepo, akanijia kama Ahadi inavyotaka, na nilipomjibu vibaya akawaendea wakubwa.

Mlezi wa wanafunzi aliniita. Hakunifokea, wala hawafoki. Alisema wataamua kama nirudishwe nyumbani, ila ingesaidia nikisimama ibadani nitoe ushuhuda, watu wauone moyo wangu. Siku tatu sikulala. Nitasimamaje mbele ya watu elfu, mimi mwenyewe mgeni, niseme nimetubu kucheza arusini, na sijatubu? Ndipo barua yako ikaja.

Nilisimama Ijumaa tarehe thelathini na moja. Sikuwa na toba yangu, nikaazima yako. Nikasema umeokoka. Niliona nyuso zao zinafunguka, nikaongeza ulevi, nikaongeza machozi. Baadaye walipanga foleni kunikumbatia. Walichoma pini yako mimi nikiwa nimesimama pale. Walipoomba picha niliwapa na majina, kwa sababu waliniuliza: tutawaombeaje watu tusiojua majina yao? Swali lilionekana jema. Nyumbani ndivyo tulivyolelewa, hakuna jina linalofichwa mbele ya ushirika.

Ulipoandika niifiche ilikuwa imeshakwenda kwa mchapaji. Ningeweza kumkimbilia. Sikumkimbilia. Nilikuwa nimepata watu wa kukaa nao.

Nimewaambia waache kukigawa. Niambie nifanye nini jingine, nitalifanya. Kuna habari yoyote ya Bi Chen?

Hannah


Guangzhou
5 Agosti 1998

Hannah,

Hakuna habari. Maji yamekwisha kumwagika.

Usiniandikie mpaka mimi nikuandikie.

Kamande


Voi
7 Machi 1999

Kaka Kamande,

Umenikataza kuandika na nimetii miezi saba. Leo nimeshindwa. Niko nyumbani.

Septemba niliporudi darasani nilikuta ile picha imekuzwa, imetundikwa kando ya ramani, na utepe mweusi pembeni. Kijitabu hawakukiacha. Walichapa kingine, na majina yamo yote, safari hii kwa wino mzito. Si watu wabaya, na hilo ndilo linalonitesa. Walikuwa wakifunga kula kwa ajili ya Bi Chen. Wazee wa watu, walimu wenye mvi, wanalia kwa ajili ya mama wasiyemjua. Mchungaji wa chuo akaniomba nizungumze tena, akasema sasa ushuhuda wangu una uzito zaidi.

Nikakubali. Nikasimama nikawaambia kweli yote. Kwamba wewe hukuokoka. Kwamba nilisema uongo nisifukuzwe. Kwamba kijitabu chetu ndicho kilichowaonyesha njia ya mlango wake, na kila tunapolichapa jina lake tunamfunga mara ya pili. Nilidhani watanizomea, na nilitaka wanizomee.

Walisimama wakapiga makofi. Walisema hawajawahi kusikia ungamo zuri vile. Mchungaji alinishika mikono akaniuliza kama wanaweza kulichapa.

Jioni ile nilifunga sanduku. Nauli alinipa yule mpishi.

Hapa nafundisha hesabu shule ya msingi karibu na stesheni. Mama nimemwambia karo ilinishinda. Ananitazama sana, haniulizi. Alhamisi ushirika ukija nyumbani naenda kukaa nje na kuku. Wakinisimamisha nitasema nini? Nimemuua mtu kwa mdomo uleule wa kusifu?

Nakuomba neno moja tu. Yuko hai? Niandikie hata neno hilo peke yake, uache karatasi nyingine nyeupe.

Hannah


Guangzhou
18 Aprili 1999

Hannah,

Yuko hai. Alitoka Desemba.

Hilo ndilo neno ulilotaka. Sasa ngoja yale usiyoyaomba. Barua yako Murshid aliiona mezani, akaisoma bila ruhusa, akaniambia: "Kamande, mtoto wa watu anakufa kwa dhambi yako, nawe unakula wali?" Yeye anajua tangu siku ile. Tumekaa miezi hatusemeshani vizuri kwa ajili hii.

Nilikuandikia kwamba niliulizwa mawili matatu kuhusu viza. Haikuwa viza.

Waliniingiza chumba chenye meza na kijitabu chako juu yake. Bi Chen alikuwa amekaa upande wa pili, na mkalimani kijana amesimama kati yetu. Hakufungwa, hakuwa na jeraha. Aliponiona alitabasamu kidogo, kama anaponiletea samaki. Mkalimani akanieleza: mwanamke huyu anasema picha hii si kanisa. Anasema ni chakula alichompikia mteja aliyekuwa mgonjwa akapona, na yaliyoandikwa chini ni maneno ya Wamarekani. Mteja mwenyewe ni wewe. Je, ni kweli?

Ilikuwa kweli, Hannah! Tena kweli tupu. Samaki alikuwa pale mezani. Sikuhitaji kusema uongo hata wa punje. Ningesema ndiyo, huyu ni laoban wangu, niliumwa, alinipikia.

Lakini pasipoti yangu ilikuwa mkononi mwa yule mtu mwingine, anaipekua kurasa taratibu. Nikafikiri watanifukuza nchi. Nikafikiri wataniuliza na za Jumapili. Nikasema kwa Kichina, mimi mwenyewe, sikungoja mkalimani: "Simjui. Huyo kwenye picha si mimi." Nikaongeza kwamba kwao sisi weusi wote tunafanana. Mmoja wao akacheka. Bi Chen hakuniangalia tena, aliangalia mikono yake. Wakanirudishia pasipoti yangu.

Kwa hiyo akawa mwongo mbele yao. Miezi sita alikaa kwa kuwa mwongo. Kijitabu chako kilimfikisha mezani, na palepale mezani mimi ndiye niliyemwacha. Nikarudi chumbani nikakuandikia ile barua ya Juni, na kila tusi nililokuandikia nililipata kwenye kioo changu. Nilitaka pawe na mtu mwingine. Ulikuwa mbali, na ulikuwa tayari kulia.

Januari alikuja Zhanxi kuniulizia, mara tatu. Wauza viatu waliniambia. Mara ya tatu nilimwona mwenyewe, ana fimbo, anakohoa, anaonyesha kwa mkono urefu wangu na ndevu zangu. Niliingia nyuma ya marobota nikakaa chini mpaka akaondoka. Sina uso wa kukutana naye.

Nisamehe, mdogo wangu. Rudi shuleni, tafuta chuo kingine, nitalipa. Mzigo huu si wako.

Kamande


Voi
20 Mei 1999

Kamande,

Nimeisoma barua yako jikoni, nimesimama, maji ya chai yakakauka sufuria ikaungua.

Miezi kumi. Nilikuwa naamka alfajiri namwona mama yule ambaye sijawahi kumwona. Nimekonda mpaka wanafunzi wangu wananicheka. Na wewe ulikuwa unajua. Nimekukasirikia kiasi ambacho sikujua kimo ndani yangu, na sitakificha kwa maneno ya kanisani.

Mzigo ni wangu na ni wako, usinipunguzie nusu yangu kwa fadhila. Msamaha wangu utaupata, mimi ni dada yako, utanitoka siku moja nikichota maji. Lakini huo hautakufaa kitu. Wa kumwomba yuko mwendo wa basi kutoka hapo ulipolala, naye amekutafuta mara tatu kwa fimbo. Mimi nimeungama kwa watu elfu wasiohusika, na nimeona faida yake. Wewe nenda kwa mmoja anayehusika.

Usiniandikie kabla hujakwenda.

Mama nimemwambia yote jana, ya kwangu na ya kwako. Alikwenda akachukua picha yako ya kipaimara ukutani akaifuta vumbi, akairudisha.

Hannah


Guangzhou
27 Juni 1999

Hannah,

Nimekwenda. Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu na nilikaa nayo wiki nzima, nisikudanganye. Jumapili iliyopita Murshid alivaa kanzu yake nzuri akasema twende, Kichina chake ni bora kuliko changu, nami nisingepata pa kujificha.

Karakana imekodishwa kwa watu wengine. Tulimkuta Xiu nyuma ya soko la vitambaa, chumba kimoja, anashona vifungo, analipwa kwa kila kifungo. Amekua, uso wake umekuwa wa mama yake. Aliponiona alisimama ghafla vifungo vikamwagika sakafuni, na sote watatu tukapiga magoti kuviokota kabla hata ya salamu.

Bi Chen alikufa tarehe tatu Juni. Kifua. Kilianza kule ndani na hakikumwacha. Barua yako ilikuwa njiani. Ile yangu ya Aprili ilipokuwa ikija kwako alikuwa bado anatembea, Hannah. Siku niliyokaa kukuandikia wewe kurasa nne ningeweza kupanda basi.

Nilimwambia Xiu yote. Nilisema kwa Kiswahili, Murshid akatafsiri, na pale alipotaka kunilainishia nilimkataza. Nikasema nilimkana. Nikasema nilijificha Zhanxi. Xiu alisikiliza mpaka mwisho, vifungo mkononi.

Kisha akasema mama yake alilieleza jambo hilo mara nyingi. Kwamba yule mteja alisema hamjui, na sauti yake haikuwa sauti yake, basi ni lazima walikuwa wamempiga kabla ya kumleta. Bi Chen alitoka na hilo moyoni. Aliona amenitia taabuni kwa kunitaja. Alikuja Zhanxi mara tatu atazame kama niko mzima, aniombe radhi.

Xiu akanisogelea, akanitazama usoni, upande huu na upande huu, akauliza kitu polepole. Murshid alijifuta macho kwa upindo wa kanzu, ndipo akaniambia: "Anauliza, walikupiga sana?"

Nikasema hapana. Hawakunigusa.

Kaka yako,
Kamande